Bega la Nassoro

Nassoro alirudi kutoka uwanjani mwepesi, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Alikuwa amerusha mpira tangu asubuhi kwenye jua la Dar es Salaam, lakini bega halikumuuma hata kidogo. Lilimuuma mama yake. Ndivyo ligi ya kriketi ilivyotaka: mchezaji acheze, na ndugu yake wa damu, aliyevaa bangili pacha na yake, achoke kwa niaba yake.

Bi Zaituni alikuwa ameketi sakafuni jikoni, mkono wa kulia umelala mapajani, unga wa chapati haujakandwa.

"Leo umenitwanga, mwanangu."

"Pole, mama. Lete nikande mimi."

Akakanda. Nguvu alizokuwa nazo zilimtia aibu. Msimu wa kwanza mama alijitapa kwa majirani kwamba wiketi zote, kila mpigaji aliyetolewa, ni zake. Siku hizi hakuuliza hata nani kashinda.

"Nimeitwa timu ya taifa," alisema, macho kwenye unga. "Mechi ya siku tano."

Bi Zaituni alijishika ukutani, akainuka taratibu, akaingia chumbani.

"Hongera, baba," alisema kutoka huko. "Mnaanza kurusha au kupiga?"

"Hatujui mpaka kura ya shilingi ipigwe uwanjani."

"Basi omba wenzako waanze kupiga, wewe ukae." Kitanda kililia alipojilaza. "Nipate kufua shuka hizi kwanza, kabla sijazilalia siku zote hizo."