Mmarekani wa Kwanza Shisanhang

Koti la nahodha lilikuwepo, kofia ya pembe tatu ilikuwepo, hata upanga wa plastiki ulikuwepo. Nahodha mwenyewe ndiye hakuwepo.

"Wakala wa waigizaji anasema yuko njiani!" Bosi Liang alifoka, simu bado iko sikioni. "Njia gani isiyo na mwisho?"

"Tulia, laoban, bosi wangu, atafika," Judica alimbembeleza kwa Kichina.

Jengo jipya la nguo la Bosi Liang lilikuwa linafunguliwa asubuhi hiyo pale Shisanhang, mtaa wa soko la nguo mjini Guangzhou, na mwenyewe alitaka sherehe ya kutajwa mji mzima. Mlangoni palisimamishwa meli ya mbao nyembamba, ili waigize jinsi Wamarekani wa kwanza walivyotia nanga Guangzhou mwaka 1784. Wazo lilikuwa la Judica, Mpare wa Same aliyekuwa akisomea uzamivu mjini hapo. Utafiti wake ulihusu siasa ya nje ya Marekani ilipokuwa taifa changa. Ndiye aliyetunga mchezo, ndiye mkalimani, na ndiye msimamizi wa wabeba mizigo.

"Walikuwa hohehahe," alikuwa amemweleza bosi. "Wafalme wa Ulaya waliwadharau. Hapa napo watu waliwatazama sura wakasema, aa, Waingereza hao. Kuuza jinseng, ile mizizi yao ya dawa, ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kumfanya mtu aamini kwamba wao ni Wamarekani."

Bosi Liang alicheka. "Enzi hizo hapakuwa na televisheni. Siku hizi Mmarekani unamjua kwa kumtupia jicho tu."

 Roho yote ya Judica ilikuwa kwa mgeni rasmi, mkurugenzi wa makumbusho moja ya Marekani yenye nyaraka za safari ile. Alikuwa amebisha hodi huko kwa miaka bila kuitikiwa. Leo mwenye ufunguo alikuwa anakuja kwa miguu yake, na Judica alikuwa amekariri maneno ya kumwambia mpaka akayaota.

"Dada Judica," Rotich, mwanafunzi wa Kikenya aliyeongoza wabebaji, alimnong'oneza. "Huyu msee ni wa nani? Mimi simjui. Nilidhani umemleta wewe."

Kando ya meli alisimama mwanamume mweusi wa makamo, suti ya kijivu mwilini, akisoma bango.

"Atakuwa wa Bosi. Suti ya kuja kubeba masanduku? Mkongo huyo."

Judica alimwendea na kizibao cha kibaharia. "Kaka, umechelewa. Vua koti, vaa hiki, ushike sanduku."

Mtu yule alitabasamu, akaomba radhi kwa Kiingereza kwamba hakuelewa. Judica akarudia kwa Kiingereza.

"Nadhani kuna kosa kidogo," alisema yule mtu. "Nimeitwa niseme machache."

Maneno yalimtoka puani, yakiteleza. Judica alijizuia asicheke. Aliwajua watu wa namna hii. Miezi miwili ughaibuni, ulimi umeshahama. "Kusema ni kazi ya mgeni rasmi. Sisi wengine ni kubeba."

Mtu yule akamtazama. Akaitazama meli. Akamtazama Bosi Liang, aliyekuwa akimpungia mkono kwa hasira ashike sanduku upesi. Kitu kama kicheko kikampita usoni. Akavua koti lake, akalikunja vizuri, akainama.

Hapo teksi ikasimama. Akashuka mzungu mrefu, nywele za dhahabu, viatu vinang'aa. Wasichana wa maua walimkimbilia kabla hata ya kuashiriwa, ngoma zikarindima, na Bosi Liang akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Judica akasogea, akamwaga yote aliyoyakariri.

"Kwa hiyo utanisaidia kuzifikia zile nyaraka?" alimalizia.

"Ndiyo," alisema mzungu.

"Na unakubali kwamba ilikuwa busara Marekani changa kutofungamana na Uingereza wala Ufaransa?"

"Ndiyo, ndiyo."

Machozi yalimlengalenga Judica. Hawa ndio wanadiplomasia, alijisemea. Maneno machache, urafiki kwa wote, kufungamana na yeyote hapana.

Saa ya mchezo ikafika, nahodha hajaonekana. Bosi Liang akakata shauri kwamba mgeni rasmi ndiye avae koti. Judica aliona haya kumwomba mtu mzito jambo la kitoto namna hiyo, lakini mgeni alikubali kabla sentensi haijaisha. Koti lilimkaa kama lilipimwa mwilini mwake. Akapanda melini, akachomoa upanga, akaunyoosha kuelekea maegesho ya magari na kunguruma hata watu wakashangilia.

Nyuma yake masanduku yakaanza kushuka. Rotich alishika mbele, Mkongo nyuma, shati limelowa jasho.

"Taratibu na hiyo jinseng!" Judica alimkemea. "Mgeni anatutazama."

Bosi Liang alishika kipaza sauti. "Na sasa, mgeni wetu rasmi kutoka Marekani!"

Makofi yalilia. Judica alijiweka sawa kando ya jukwaa, tayari kutafsiri, akamgeukia nahodha. Nahodha hakusogea. Akamwinamia, akamnong'oneza kwa Kiingereza cha kuokoteza:

"Madamu, mimi nahodha tu. Wakala hakusema hotuba. Mimi si Mmarekani, natoka Minsk."

Nyuma yao sanduku lilituliwa chini. Yule mbebaji akapangusa uso, akapanda jukwaani, akanyoosha mkono kupokea kipaza sauti. Bosi Liang alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Samahani kwa kuchelewa," alisema mgeni rasmi. "Nilikuwa nashusha mizigo."

Kisha akamgeukia Judica, akasubiri atafsiri.