Roboti Aliyegoma Kuwa Helikopta

"Kichezeo cha kunishinda mimi hakijatengenezwa," alijigamba mkaguzi wa duka la vichezeo, akimsimamisha roboti mwekundu mbele ya bibi yake. "Hesabu kumi tu, utaona helikopta."

Bibi alihesabu kumi, akaongeza kumi nyingine. Roboti alikuwa amekunja mguu mmoja, kichwa kimezama kifuani, mapanga ya helikopta yamenasa kwapani.

"Mume wangu, huyo anageuka helikopta au anaumwa tumbo?" Bibi alimtania mjukuu wake.

"Subiri, Bibi. Haraka haraka haina baraka."

Kusubiri Bibi alikuzoea. Tangu kiharusi kimpige, mkono wake wa kulia ulilala mapajani kama mgeni asiyeaga. Daktari alitaka vidole vifanyishwe kazi, lakini mpira wa kuminya Bibi aliususia, akisema yeye si mtoto.

Mjukuu alivuta, akasukuma, akang'ata. Jasho lilipomtoka, alimbwaga roboti mapajani kwa Bibi, akageukia dirishani na kumpigia bosi wake simu.

"Bosi, mzigo wote urudishwe. Hiki kibovu. Nimekipima kitaalamu kabisa, hakigeuki."

Nyuma yake kitu kililia tak. Kisha tak nyingine.

Aligeuka. Helikopta nyekundu ilikuwa imetulia mapajani, na vidole vilivyokuwa vikiyazungusha mapanga yake, polepole, vikitetemeka, vilikuwa vya mkono wa kulia.

"Unaanza kukunja mikono, mume wangu, ndipo mapanga," alisema Bibi, bila kuinua macho. "Haya, mwambie bosi kibovu umekiona, ila hakimo kwenye mzigo, kimeshika simu."