Mukengeria Kwenye Seng'enge

Nilipotoka nje na chai, mama mkwe alikuwa amekwisha kupalilia bustani yetu yote ya Woodley. Ndivyo alivyo: akija kututembelea, lazima ajitafutie kazi.

"Rumaisa, hapa mlikuwa mnafuga mukengeria!" akasema akicheka. "Nimeuanika wote pale juu. Gugu hili ukilitupa chini tu, linaota tena."

Nikatazama seng'enge. Ule mmea wangu wa kutambaa ulining'inia kama nguo zilizofuliwa, na vijiua vyake vya buluu vilikuwa vimeanza kujikunja kwa jua.

"Asante, Mama," nikasema. Lakini niliiweka chai chini bila kumpa, macho bado kwenye seng'enge, naye akaona.

"Nimeharibu nini, mtoto wangu?"

"Niliuchimba kaburini kwa mama yangu, Malindi, nikaja kuupanda hapa."

Mwanamke huyu maisha yake yote amepigana na gugu hili katika shamba lake la Limuru. Lakini akaenda kwenye seng'enge, akageuzageuza mashina mpaka akapata moja lililokuwa bado bichi.

Akapiga magoti palepale alipoling'oa. Akatoboa udongo kwa kidole gumba, akalilaza shina ndani, akalifukia polepole, kama anayemfunika mtoto blanketi.

"Leta maji," akasema bila kuinua uso. "Na huko Limuru usije ukamwambia mtu."