Simu Ilisema Ni Ming'oko

Kabla hakujapambazuka nilisikia mfuniko wa sufuria ukigongagonga jikoni kwa jirani yangu mfugaji, ambaye alikuwa mgonjwa. Nikaenda. Binti yake, Leah, alikuwa akimchemshia mama yake mizizi aliyochimba porini.

“Umejuaje kama inalika?”

“Nimeipiga picha, Bibi. Akili mnemba ya kwenye simu imesema ni ming'oko, vile viazi vya porini vinavyoliwa.”

Nikatoa kipande, nikakiminya. Kilikuwa cha njano, kinateleza vidoleni. Ilikuwa ndiga, kiazi kingine cha porini, na ndiga isipolowekwa siku nyingi ni sumu.

“Mama ameshakula?”

“Bado. Nimeonja mimi kwanza, isije ikamdhuru.”

Leah alipoanza kutapika, nilimbeba mpaka zahanati. Jioni, alipopata nafuu, nilimwambia simu ikisema kitu kinalika, aniulize kwanza.

“Kesho uje tena, Bibi,” akasema. “Yapo mengine iliyoniambia simu.”