Joho la Rufus Strickler

Joho lilitandazwa juu ya meza ndefu, mikono yake imenyooshwa huku na huku, na Alden Strickler, mwalimu mkuu wa shule ya mji, hakuhitaji kulitazama mara mbili.

"Ndilo," alisema. "Pale kwenye ncha ya mkono wa kulia pameungua. Ndilo."

Bi. Corinne Haddix, mtunza nyaraka wa wilaya, aliitikia kwa kichwa. Sanduku lilikutwa darini mwa duka la dawa la zamani, nalo lilikuwa na mihtasari ya mikutano, picha za maandamano, na joho hili moja lisilo na jina. Yote yalikuwa mali ya tawi la Wendell Creek la lile kundi lililoficha nyuso kwa vitambaa vyeupe na kuwawinda Weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Sasa joho lingewekwa katika kabati la kioo kwenye ukumbi wa mahakama, mbele ya macho ya mji mzima. Lilipungukiwa jina la mwenyewe tu, na Alden alikuwa amekuja kulitoa jina la baba yake.

Mama yake, Leota, aliketi karibu na dirisha, kofia kichwani, mkoba mapajani. Alikuwa ameshikilia kuja. Bi. Haddix alipomletea glavu za pamba za kushikia vitu vya kale, alizikataa.

"Ninazo zangu, binti."

"Mwalimu Mkuu, una hakika?" Bi. Haddix aliuliza. "Nikiliandika jina, limeandikwa. Watu wa hapa hawasahau."

"Nililiona mwenyewe, kabatini chumbani kwa wazazi wangu, asubuhi ile baada ya duka la Tolliver kuchomwa moto."

Alisimulia kwa sauti ileile aliyotumia kusoma matokeo ya mitihani. Tolliver alikuwa kinyozi Mweusi, mpole, aliyenyoa nusu ya wanaume Weupe wa mji. Aliondoka na mkewe na wanawe kwa garimoshi la asubuhi, wamebeba godoro moja. Alden alikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Jioni ile, mezani, alimwuliza baba yake kama joho lile ni lake. Rufus Strickler aliyatazama maharagwe kwenye sahani yake, kisha akasema, "Kula, mwanangu."

Usiku uleule alichukua blanketi akaenda kulala katika karakana yake ya useremala, na huko ndiko alikolala mpaka mauti yalipomfika. Wala hakuketi tena kwenye kiti cha kinyozi yeyote. Alijikata nywele mwenyewe kwa mkasi wa kunyolea kondoo, mji ukamcheka.

"Dhamiri ilimsuta," Alden alisema. "Lakini kukiri hakukiri."

Yeye mwenyewe alikwenda shule ya bweni kwa msaada wa kanisa, na likizo zote alizikaa hukohuko bwenini. Hakuhudhuria mazishi. Jiwe la kaburi ni wajibu wa mwana wa kwanza, naye hakulinunua.

"Kaburi halina hata jina?" aliuliza Doyle, mfagizi, aliyekuwa ameegemea ufagio wake mlangoni.

"Jina lake litakaa hapa."

"Alden," Leota alisema. "Mwache marehemu, mwanangu."

"Nimemwacha karibu miaka arobaini, mama."

Alichukua kalamu akaandika kwenye kadi: *Joho la Rufus Strickler*. Akatia sahihi chini yake. Alingoja kuhisi kitu, hasira au hata nafuu. Alihisi ubaridi wa kalamu tu.

"Kadini pana nafasi ya kimo cha mwenyewe," alisema Bi. Haddix. "Simama kidogo, tulipime kwako."

Alimwekea joho mabegani. Pindo liliishia chini kidogo ya magoti.

"Lo, Mwalimu Mkuu!" Doyle alicheka. "Miguu ya korongo hiyo! Tungewaona wamevaa hivyo, sisi Wakatoliki tungekufa kwa kicheko kabla ya hofu."

"Doyle, kafagie," alisema Bi. Haddix. Kisha akamgeukia Alden. "Baba yako alikuwa mfupi?"

"Alikuwa akiinama kwenye kila mlango."

"Labda lilirudi, likafupika, lilipofuliwa. Pamba ya siku zile ilikuwa hivyo."

"Labda," Alden alijibu. Alikwisha kuiweka kalamu mfukoni.

Leota aliinuka. Aliuweka mkoba juu ya kiti, akavua glavu, kwanza ya kushoto, halafu ya kulia, akazilaza juu ya mkoba. Kifundoni mwa mkono wa kulia palikuwa na kovu pana, linalong'aa, lile ambalo Alden tangu ujana wake aliambiwa ni la jamu ya moto.

"Haliwekwi hivyo," alisema. "Lete."

Alilitwaa joho kutoka mabegani mwa mwanawe. Akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Vidole vyake vya kizee vilikwenda nyuma ya shingo, vikaitafuta kulabu ndogo ambayo hakuna aliyekuwa ameiona, vikaifunga bila yeye kugeuza kichwa.

"Lifute hilo jina," alimwambia Bi. Haddix.

Pindo lilikomea juu ya viatu vyake, na pale palipoungua pakalala sawasawa juu ya kovu.