Dole Jeusi

"Dole hili limeshapiga kura," msimamizi alisema, akanikamata mkono kama amemnasa mwizi.

Jina langu, Mariam Poni, alikuwa ameliona daftarini, bado halina alama. Lakini yeye ni mgeni hapa Koboko, kaskazini mwa Uganda, aliletwa jana pamoja na sanduku la kura na kichupa cha wino. Akaukazia macho weusi uliojaa kwenye mikunjo ya dole gumba langu mpaka chini ya ukucha.

"Bwana mkubwa, hii iko utomvu ya tumbaku," nikasema. "Mimi navuna tangu Jumatatu. Sabuni haitoi."

"Umepiga kituo kingine. Ngoja polisi."

Miaka saba nilikuwa mkimbizi Zaire. Sikurudi kwetu nije kufungwa kwa kura ambayo sijapiga!

Nyuma yangu kulikuwa na jirani yangu, mzee asiyejua kusubiri. "Angalia yangu kwanza!" akafoka, akainua dole lake. Jeusi. Mkewe akainua lake. Mstari mzima ukainua, mpaka kule barabarani, madole meusi matupu.

Msimamizi aliwatazama. Kisha akalileta dole langu puani, akanusa, akapiga chafya mbili. Hata polisi aliyekuwa akija kunikamata alicheka.

Akanipa karatasi. Nikachagua mtu wangu, nikaitumbukiza sandukuni. Ndipo akalichovya dole langu kwenye wino, akaligeuza huku na huku juani, akiitafuta alama ya wino wake, asiione.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "tafadhali, leo usirudi hapa."