Abiria wa Heribert

Walburga Zilliken alifariki Jumanne asubuhi, siku kumi na mbili kabla ya mashindano ya Mei. Alasiri ya siku hiyohiyo Daktari Eickhoff, mwenyekiti wa klabu ya magari ya zamani, alimpigia simu mume wa marehemu, Heribert, kumpa pole. Alitoa pole kwa dakika nzima. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta la kufariji, kwamba sasa gari litapungua kilo sitini na nane.

"Sabini na moja," alisema Heribert, akakata simu.

Kwa miaka kumi na moja mfululizo Heribert Zilliken, fundi bomba mstaafu wa mji wa Adenau, alikuwa amewashinda madaktari wa meno, mawakili na wenye viwanda kwenye njia ndefu ya uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring. Hakuwashinda kwa kasi. Mashindano yenyewe si ya kasi. Wenye magari wamezeeka, na magari ni ghali mno kuvunjwa. Kila mmoja huzunguka raundi mbili, na mshindi ni yule ambaye raundi yake ya pili imelingana zaidi na ya kwanza. Kabla ya kuanza, katibu hupita na ndoo kukusanya saa na simu, kisha hufunika mita zote za gari kwa plasta nyeusi. Raundi mbili za wengine zilipishana kwa sekunde tisa, kumi na tano, hata thelathini. Heribert, ndani ya Porsche ya kijivu ya mwaka 1959 aliyoinunua ikiwa chakavu, hakuwahi kuzidisha nusu sekunde.

Siri yake ilitafutwa kila mahali. Eickhoff alinunua matairi ya aina ileile. Wakili wa klabu alibadilisha kabureta mara tatu. Mwenye kiwanda cha soseji aliacha kahawa ili mapigo ya moyo wake yatulie.

Kiti cha abiria, upande wa kulia, hakuna aliyekitazama, ila kwa kucheka. Hapo alikaa Walburga, mkoba mapajani, macho yamefumbwa, midomo ikicheza kwa mnong'ono usiobadilika mwendo kutoka mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia. Wakishavuka, alipiga ishara ya msalaba.

"Kafika mzima, anashukuru!" walimtania. "Bi Walburga, kwani huyu mumeo anakuendesha au anakupeleka kaburini?"

"Mnaonitisha ni nyinyi," aliwajibu, "mnaoendesha bila kuomba."

Ijumaa, siku sita baada ya mazishi, Heribert aliingia katika nyumba ya klabu. Kamati ilikuwa inakunywa bia. Alielekeza kidole kwenye ubao wa shaba ukutani, ulioandikwa majina ya washindi.

"Nataka jina lake liwekwe pale," alisema. "Ubavuni mwa langu."

Walitazamana.

"Heribert, ndugu yangu," alisema Eickhoff, "sote tunakuonea huruma. Lakini ule ubao ni wa watu waliofanya kitu. Marehemu alikuwa anakaa tu."

"Anakaa tu."

"Na kuogopa," aliongeza wakili.

Heribert si msemaji. Aliizungusha kofia yake mikononi, kisha akamgeukia Eickhoff.

"Basi Jumapili ukae wewe, Daktari. Mahali pake. Nikishinda kama kawaida, jambo hili sitalitaja tena."

Eickhoff nusura amwage bia. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akitamani kulichungulia gari lile kwa ndani.

Jumapili, Heribert alimfunga mwenyekiti mkanda kwa mikono yake mwenyewe, akauvuta kidogo begani kuhakikisha haubani. Ndipo akaona anamfunga kama alivyomfunga mkewe, akauachia.

"Unajua kusali, Daktari?" aliuliza.

"Mimi? Aa, mzee, usinitishe. Mimi si mwoga. Twende."

Wakaenda. Eickhoff hakusema kitu. Alikodoa macho kwenye miguu, mikono, gia. Kila kitu alikihifadhi kichwani ili akakijaribu kwake. Alichoona ni mzee anayeendesha kama wazee wengine. Jambo moja tu lilimshangaza: kwenye kona moja ya mviringo iliyosakafiwa kwa zege, Heribert aliinamisha kichwa kidogo upande wa kulia, kama mtu anayengoja kujibiwa. Raundi ya pili alifanya hivyo kila kona.

Raundi zao mbili zilipishana kwa sekunde hamsini na moja. Wakawa wa mwisho kati ya magari ishirini na matatu, nyuma hata ya mwenye soseji, aliyesimama njiani kuokota kofia yake.

"Lakini sikugusa kitu!" Eickhoff alilalamika mbele ya watu wote. "Sikusema hata neno moja!"

"Ndiyo," alisema Heribert. "Hukusema."

Jioni ile kamati ilimwita ajieleze. Alijieleza kwa sentensi tatu, kofia mkononi. Kisha wakamwomba atoke, wakajifungia saa mbili nzima na kitabu cha kanuni. Mmoja alitaka vikombe vyote kumi na kimoja virudishwe. Wakili alisoma vifungu vyote tisa, akarudia, akasema kwa masikitiko kwamba hakuna hata kimoja kilichovunjwa.

Sasa jina la Walburga liko ukutani, chini ya ubao wa shaba, kwa herufi kubwa kuliko za washindi. Kila Mei, kabla injini hazijawashwa, katibu hulisoma kwa sauti na madereva wote huvua kofia: Kifungu cha Kumi, kiitwacho Kifungu cha Walburga, kinachoihesabu rozari kuwa saa na kupiga marufuku kuisali ndani ya gari, iwe kwa sauti au kimoyomoyo.